Kazi Inabaki Wapi?

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano wa mwaka wa mafundi cherehani na wauza mitumba wa Ilala, Dar es Salaam. Wenzetu waliokuwa safarini, na wale waliobaki kulinda meza, wameomba waipate yote. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Asalaam aleykum! Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo!

Mwenyekiti wetu, wazee mlioketi mbele, mama zangu, vijana wangu wa cherehani, ndugu zangu wa mitumba, nanyi mliokosa viti mkasimama dirishani: nawasalimu nyote.

Nimepewa mada kubwa. Uchumi wa nchi: sera za serikali, biashara, na kazi za watu. Nilipoipokea nilikwenda kwenye kamba ya nguo nikachukua shati hili. Liangalieni vizuri. Pamba tupu, mikono mirefu, mistari ya buluu. Nimelinunua soko la Karume kwa shilingi elfu nne. Lebo inasema limeshonwa Bangladesh. Likavaliwa huko Ulaya, mwenyewe akalichoka, likafungwa kwenye belo, likapanda meli, likalipiwa ushuru bandarini kwetu, likamwagwa chini pale Ilala, mimi nikainama nikaliokota.

Kola ilikuwa imekwisha. Imelika hapa kwenye mkunjo, pale ndevu zinaposugua. Jana usiku nimechukua wembe nikafumua mshono taratibu, nisikate kitambaa. Nikaigeuza kola, upande uliolika ukaenda chini, uliojificha ukaja juu, bado una rangi yake ya kiwandani. Nikaishikiza kwa pini, nikaipiga mshono. Dakika ishirini. Wangapi humu mnajua kugeuza kola? Inueni mikono. Naam, mafundi mpo.

Sasa tuhesabu mikono mingine iliyoligusa shati hili. Kuna aliyelima pamba. Kuna aliyeichambua, aliyesokota uzi, aliyefuma kitambaa, aliyetia rangi, aliyekata, aliyeshona, aliyetia vifungo, aliyelisafirisha, aliyeliuza dukani mara ya kwanza. Kila mkono ulipata chochote. Mikono ya Kitanzania iko wapi hapo? Sisi tunalima pamba kule Simiyu, Shinyanga, Mwanza, na sehemu kubwa tunaiuza nje ikiwa imechambuliwa tu, haijawa hata uzi. Kwa hiyo mkono wetu upo mwanzoni kabisa, kwa mkulima. Halafu upo mwishoni kabisa, kwa fundi wa kugeuza kola. Katikati, pale penye pesa ya kujenga nyumba na kusomesha mtoto, hatupo.

Ndugu zangu, leo nitauliza swali moja, na nitalirudia mpaka mlichoke. Sera yoyote ikipitishwa, meli yoyote ikitia nanga, uliza: kazi inabaki wapi?

Nianze na babu yangu.

Babu alitoka Newala akaenda kukata mkonge Tanga. Aliondoka kwa sababu ya kodi. Wajerumani walikuwa wameleta mkonge mwaka 1893, na mashamba yalitaka watu. Lakini mtu mwenye shamba lake, mihogo yake na kuku wake, kwa nini akakate mkonge wa mwingine? Mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba, rupia tatu. Muhogo haulipi rupia. Rupia unaipata wapi? Unaipata shambani kwa mzungu. Waingereza walipokuja nao wakaendelea na kodi. Mnaiona njia ilivyo? Haikuwapo amri iliyosema babu aende Tanga. Ilikuwapo kodi, na kodi ikamsafirisha.

Alipofika akapewa namba, ndiyo maana waliitwa manamba. Akapewa na kipande, kadi ya siku thelathini za kazi. Ukimaliza kazi ya siku, inatiwa alama. Kadi isipojaa, mshahara hautoki. Ukiumwa katikati, hizo siku zinakusubiri. Babu alikuwa na kovu hapa, chini ya jicho, ncha ya jani la mkonge ilimchoma. Majani yanakwenda korona, mashine ya kuyachana, zinatoka singa, nyuzi nyeupe, zinaanikwa, zinafungwa marobota, zinapanda meli Tanga. Kamba zinasokotwa Ulaya.

Tulikuwa wakubwa kwa mkonge duniani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Halafu kamba za plastiki zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, usimamizi ukayumba, na kufika mwisho wa miaka ya 1990 tulikuwa chini ya tani 30,000. Watu hubishana kosa lilikuwa la nani, la plastiki au la serikali. Mimi nasema kosa lilianza mapema zaidi. Kwa miaka sabini tulisafirisha singa. Tungekuwa tumesokota kamba, magunia na mazulia yetu wenyewe kwa wingi, bei ya singa ilipoanguka London tungekuwa na kitu kingine mkononi.

Kazi ilibaki wapi? Haikubaki. Kovu la babu ndilo lililobaki.

Sasa nawapeleka kusini tena, kwenye korosho, na hapa mtanivumilia kwa sababu hapa ndipo nilipolelewa.

Shangazi yangu alikuwa anabangua korosho uani. Wale mliokulia mjini mnaijua korosho imeshakuwa nyeupe ndani ya mfuko. Korosho yenyewe ina ganda gumu, na ndani ya ganda kuna mafuta yanayounguza ngozi kama maji ya betri. Shangazi alikuwa anaitia kwenye karai lenye matundu juu ya moto, ganda linatoa mafuta, mafuta yanashika moto, anaimwaga chini kwenye mchanga, anaizima. Ikipoa, anapaka majivu viganjani. Anaisimamisha korosho juu ya jiwe, anaigonga kwa kipande cha chuma, gongo moja tu. Akigonga sana, punje inavunjika, na bei ya iliyovunjika ni nyingine. Akigonga kidogo, ganda halifunguki. Halafu kuna ngozi nyembamba ya kahawia juu ya punje, hiyo anaiondoa kwa kucha. Ile ngozi ndiyo inayokula muda. Kilo nne, tano za korosho ghafi zinakupa kilo moja ya punje.

Vidole vyake vilikuwa vyeusi mwaka mzima. Lakini alinisomesha kwa vidole vile.

Msimu wa 1973/74 nchi ilizalisha korosho karibu tani 145,000. Mwaka 1986/87 tulikuwa tumeshuka chini ya tani 20,000. Mikorosho ilikwenda wapi? Ilikuwa palepale imesimama. Watu ndio waliohamishwa. Operesheni ya vijiji iliwakusanya wakulima wakae pamoja, wapate shule, zahanati na maji. Nia ilikuwa njema na mimi ni mtoto wa shule zile, sitaikana. Lakini mkorosho wa baba ulibaki kilomita nyingi msituni, hakuna wa kuupalilia. Ukaja ugonjwa wa ubwiriunga ukakausha maua. Bei aliyolipwa mkulima nayo ilikuwa ndogo mno, kwa hiyo hata aliyeweza kutembea hakuona sababu. Na miaka hiyohiyo, sikilizeni jambo hili, serikali ilikuwa inakopa Benki ya Dunia kujenga viwanda vikubwa vya kubangua. Viwanda vikawa tayari, korosho hakuna. Mitambo ikakaa kimya.

Sera mbili za serikali moja. Moja inajenga kiwanda, nyingine inamwondoa mkulima kwenye mti wake. Hazikukaa meza moja.

Baadaye tulijifunza kupiga salfa kuzuia ubwiriunga, masoko yakafunguliwa, bei ikapanda, korosho ikarudi. Ikaja stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka kwenye chama cha msingi, inauzwa kwa mnada, angalau kangomba, mlanguzi wa korosho wa kichochoroni, akabanwa. Msimu wa 2017/18 tukavuka tani 300,000. Novemba 2018 wanunuzi walipotoa bei ya chini wakulima wakagoma kuuza, na Rais Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likatumwa kuzibeba. Mnakumbuka. Nchi nzima ilibishana: bei iamuliwe na mnada au na Ikulu? Ubishi ule ulikuwa na maana, na wakulima waliocheleweshewa malipo wana haki ya kulalamika mpaka leo. Lakini nilikaa nikasubiri mtu aulize lile swali jingine. Kwa sababu korosho ile, iwe ya 1,900 au ya 3,300, sehemu kubwa ilikuwa inakwenda kubanguliwa India na Vietnam. Mji wa Kollam, kule Kerala, wanawake wengi mno wameishi kwa kugonga korosho, na nyingi kati ya hizo zilitoka Afrika. Wanawake wenzetu wale siwaonei wivu, jasho ni jasho. Ninachouliza ni kwa nini mpwa wangu, aliyefundishwa na shangazi, yuko Buguruni anauza vocha.

Kazi inabaki wapi?

[Ukumbi ulijibu: "Kollam!"]

Ahsanteni. Naona tuko pamoja.

Sasa nije kwetu, kwenye mitumba. Hapa najua nimesimama mbele ya watu wenye maslahi, na mimi mwenyewe shati langu ni hili.

Wazee mtakumbuka mwaka 1983. Mama alipanga foleni duka la serikali la RTC tangu alfajiri kupata doti moja ya khanga. Sabuni foleni, sukari foleni. Tulikuwa na viwanda vya nguo: Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China kikaanza 1968, Mwatex Mwanza, Mutex Musoma. Lakini kiwanda kinataka vipuri, vipuri vinataka dola, na dola zilikuwa zimeliwa na mafuta yaliyopanda bei na vita vya Kagera. Pamba ipo, mashine zipo, watu wapo, kitambaa hakuna. Serikali ikalegeza, watu wakaruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, Mzee Mwinyi akafungua milango, na mitumba ikaingia. Tukavaa. Nakumbuka gauni langu la kwanza la mtumba, la maua ya njano. Siwezi kusimama hapa nikasema ilikuwa balaa. Ilikuwa nguo, na tulikuwa hatuna nguo.

Lakini viwanda navyo vikaanza kufa kimoja kimoja, na havikuuawa na mitumba peke yake. Umeme wa kukatika, mashine kuukuu, vitambaa vya bei rahisi kutoka Asia, vingine vikipita bila ushuru. Msitupiwe ninyi lawama yote.

Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana Arusha tuiondoe mitumba polepole. Ushuru ukapandishwa. Marekani ikasema: mkizuia nguo zetu kuukuu, tutaangalia upya msamaha wa ushuru tunaowapa kwa bidhaa mnazotuuzia kupitia sheria yetu ya biashara na Afrika, AGOA. Rwanda ikashikilia msimamo, na Julai 2018 ikasimamishiwa msamaha ule kwa nguo zake. Sisi, Kenya na Uganda tulirudi nyuma.

Mnaona biashara ilivyo? Belo unalolifungua Karume alfajiri lina mazungumzo ya Washington ndani yake.

Sasa mimi nasimama wapi? Nasema hivi: atakayepiga marufuku mitumba kesho asubuhi atakuwa amewafukuza kazi wauzaji, wabeba mizigo, wafuaji, wapiga pasi, mafundi wa kupunguza, na mama lishe anayewapikia wote. Hao ni maelfu kwa maelfu, na hakuna kiwanda kitakachowapokea kesho jioni. Kwa hiyo marufuku ya ghafla naipinga. Lakini nikisikia mtu anasema mitumba iendelee hivihivi miaka thelathini mingine, na huyo nampinga. Kwa sababu mtoto anayejifunza kwangu leo anajua kupunguza suruali, anajua kubadilisha zipu, anajua kugeuza kola. Kukata kitambaa kizima kutoka kwenye jora, hajui. Hajawahi kupata jora. Ufundi unatutoka mikononi, ndugu zangu, na ufundi ukishatoka hauletwi na tani moja ya mashine.

Kodi nitaigusa kwa haraka kwa sababu makovu yake mnayo wenyewe. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu. Nilikuwa na mteja wa Tabora, ananitumia pesa ya sare kidogo kidogo, elfu ishirini, elfu kumi na tano. Akanipigia: mama, pesa yangu inaliwa njiani, subiri nikusanye nitume mara moja. Akakusanya miezi miwili. Mimi miezi miwili sikununua kitambaa. Aliyeandika tozo ile alikuwa Dodoma, hakunijua mimi wala yule wa Tabora, lakini alisimamisha cherehani yangu. Watu walipiga kelele, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya usumbufu wa kikosi kazi cha kodi, Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja akawasikiliza, kikosi kikasimamishwa. Kodi tulipe. Barabara hazijengwi kwa dua. Lakini sera inasogea ikisukumwa, na waliosukuma walikuwa watu kama ninyi.

Tena jiji hili linajua kusukuma tangu zamani. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliweka mizigo chini. Hawakuwa na simu. Mgomo ulipanda treni ukafuata reli ya kati, na mishahara ikaongezwa. Miaka minane baadaye wafanyakazi wakaunda shirikisho lao, TFL, na katibu wake alikuwa Rashidi Kawawa. Uhuru wenyewe una jasho la watu wale.

Mwisho, nizungumze juu ya ajira, na hapa sitawabembeleza.

Nilishona miaka minane kwenye kiwanda kimoja, jina naliacha. Kila miezi mitatu tulikuwa tunaambiwa mkataba umekwisha, tukae nyumbani siku chache, turudi kama wapya. Miaka minane, mimi ni mpya! Nilipojifungua mtoto wangu wa pili nilirudi kwenye mashine baada ya wiki tatu, maziwa yanalowanisha blauzi, kwa sababu nafasi yangu ilikuwa inaangaliwa na mwingine getini. Nilipoondoka sikuwa na senti moja ya mafao.

Leo sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Likizo siku 28 kwa mwaka. Uzazi siku 84, na mapacha siku 100, kwa malipo. Ukifukuzwa kwa uonevu unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nasema tena: siku 84. Mimi nilipata 21.

Lakini nawauliza ninyi wenye vyerehani vinne, vitano humu ndani. Binti anayekushonea ana karatasi yoyote? Anajua saa yake ya kutoka? Umemwandikisha NSSF? Tunailalamikia serikali, tunawalalamikia Wachina, na sisi tunamlipa binti kwa kipande na akiumwa siku zinamsubiri. Hiyo kadi ya babu yangu imerudi, safari hii iko kwenye daftari lako.

Na msidhani mshahara wake ni hasara tupu. Julai 2025 kima cha chini serikalini kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Mwezi uliofuata mhudumu mmoja wa ofisi, mteja wangu wa miaka mingi wa kupunguza, alikuja na kitambaa kipya mita tatu. Kwa mara ya kwanza aliniambia, mama, nishonee. Nilikata kitambaa kizima. Yule binti anayejifunza kwangu alisimama pembeni akaangalia mkasi unavyokwenda. Mshahara wa mtu mmoja ulifundisha ufundi mtu mwingine.

Sasa kazi iliyoko mbele yetu. Serikali inanunua sare, mapazia, mashuka ya hospitali, majoho. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee, wenye ulemavu. Hiyo ni sera ambayo kazi yake inaweza kubaki hapahapa Ilala, lakini zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, na asiyejisajili hapati hata taarifa. Halmashauri nayo ina mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Majora tutayanunua kwa hiyo.

Katibu yuko pale nyuma na kompyuta. Wenye cheti cha kikundi na namba ya mlipakodi waanze leo, wasingoje nimalize. Wasio na cheti, Jumatano saa kumi jioni, kibandani kwangu, tutaandika katiba za vikundi pamoja. Mje na mabinti mnaofanya nao kazi, nao waandikwe majina yao.